Kipimo Changu Kilisoma Nusu

Miaka miwili niliyokaa Ulaya nilisomea jeni moja tu. Watu wakisikia fulani amesoma Ulaya hudhani amerudi na dunia nzima ndani ya begi. Mimi nilirudi Mwanza na jeni moja, koti zito lisilo na kazi katika jua letu, na kichwa kilichovimba.

Jeni yenyewe ni ya binadamu, hata wewe unayesoma hapa unayo. Inabeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunjavunja mafuta ya utando wa seli. Kila seli mwilini imezungukwa na utando wa mafuta. Utando huchakaa kama kitu kingine chochote, na yale mafuta makuukuu lazima yapate wa kuyamaliza. Asipokuwepo, mafuta yanarundikana kwenye bandama, kwenye ini, mwisho hadi kwenye ubongo. Ni elimu nzuri na sikuibuni mimi. Katika utafiti ule mkubwa kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupanga mirija ya damu kwenye barafu na kuandika namba juu ya vifuniko. Habari ya kuosha vyombo sikumwambia mtu.

Nilirudi kwenye kazi yangu ya maabara hospitalini, na kila mchana nikitoka nilikimbilia Igoma, ambako nilikuwa nimepanga chumba kimoja kando ya barabara ya Musoma. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka la mitumba, yule karakana ya kuchomea mageti, mwingine zahanati. Mimi nikafungua maabara. Nikamwita fundi wa mabango aniandikie: MAABARA YA KISASA, DAMU, CHOO, MKOJO NA CHEMBE ZA URITHI. Fundi akauliza hizo chembe za urithi zinapimwaje, nikamwambia achore tu. Ndani mlikuwa na hadubini moja ya kutumia kioo na mwanga wa dirisha, na jirani yangu alikuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuondoa minofu ya kwenda nje, kwa hiyo majibu yote ya vipimo vyangu yalinuka samaki. Katika miaka mitatu aliyekuja kwa ajili ya chembe za urithi ni mzee mmoja kutoka Buswelu, naye alitaka nimsaidie kesi ya shamba la marehemu baba yake.

Sasa niseme jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulisema. Kule Ulaya walikuwa wakihitaji damu ya watu wazima wasio wagonjwa, ya kulinganishia na ya wagonjwa. Nikanyoosha mkono kwa furaha, najiona nimechangia sayansi. Kipimo changu kilisoma nusu. Wakarudia, kikasoma nusu. Bosi wetu akaniita ofisini, akanieleza taratibu kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama, na kwangu moja ilikuwa nzima na nyingine mbovu. Nusu inatosha, akasema, mimi sitaugua kamwe. Ila nikizaa na mtu mwenye nusu kama mimi, mtoto anaweza kukosa zote mbili. Akaniambia nikifika nyumbani niwaeleze ndugu zangu, maana na wao wanaweza kuwa nayo. Nikamjibu nitawaeleza, huku nimeshika sikio.

Hilo la sikio ni ugonjwa wangu mwingine. Tangu utoto, nikisema uongo mkono wangu wa kushoto unapanda wenyewe na kushika sikio. Mama alinikamatia hapo kila siku, na mdogo wangu wa kike, tuliyezaliwa naye wawili tu, alijifunza kwa mama. Bosi wangu wa Ulaya hakujua. Alifikiri linaniwasha kwa baridi.

Niliporudi nilimkuta mdogo wangu ameolewa Misungwi, kwa wakulima wa pamba wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne, mcheshi, aliyepewa jina la babu yake. Nilimbeba, akanikojolea koti la Ulaya, tukacheka wote. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mdogo wangu siku ile ile. Nikajiambia ya nini kumtia mama wa mtoto hofu, haiwezekani shemeji naye akawa na nusu, watu wenye nusu ni wachache. Hesabu nilikuwa naijua vizuri, nikajifichia humo.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimempenda nesi mmoja wa pale hospitalini, binti wa Kagera, na kwao hawaozi ovyo. Kabla ya posa kukubaliwa walimtuma mjomba wake aje Mwanza kuuchunguza ukoo wetu. Alikuja na mwavuli na daftari, akakaa siku nne, akaongea na majirani, na mwenye duka, na katekista. Siku ya mwisho akanifuata mimi mwenyewe. Kwenu kuna kifafa? Hakuna, mjomba. Kuna wazimu? Hakuna. Ukoma, uchawi, watu wa kujinyonga? Hakuna. Kuna ugonjwa wowote wa kurithiana? Nikasema hakuna, na mkono ukawa umeshafika sikioni. Akaandika kwenye daftari lake. Baadaye nilijitetea moyoni kwamba mbona kimeng'enya hakukitaja kwa jina, kana kwamba kuna mjomba duniani anayeuliza habari za vimeng'enya. Mke wangu nilikuja kumwambia miaka kadhaa baadaye, naye aliacha kusema nami kwa muda mrefu, lakini hiyo ni habari yake na ana haki ya kuisimulia mwenyewe.

Wakati nashonesha suti ya harusi, tumbo la yule mtoto wa Misungwi lilianza kuvimba. Mdogo wangu alimleta Igoma kwenye maabara yangu ya kisasa. Nikamtoboa kidole, nikatazama kwenye hadubini, nikaona malaria, na sitasahau jinsi nilivyofurahi. Nani hufurahi kuona malaria? Nilifurahi kwa sababu ilikuwa malaria na si kitu kingine. Akanywa dawa, malaria ikaisha, tumbo likaendelea kukua. Alikuwa ameanza kukaa, akaacha kukaa. Mwisho daktari wetu pale hospitalini akamtoa uboho wa mfupa, na kioo chenye tone la uboho huo kikaletwa kwenye meza yangu kama vioo vingine. Niliinama nikaziona seli zimejaa mafuta, povu tupu. Nilikuwa nimeishi na picha za seli zile miaka miwili. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Daktari nilimwambia ni ugonjwa gani, akatikisa kichwa, akasema dawa yake haipo hapa wala huko nilikotoka. Mdogo wangu nilimwambia ni ini, tuvute subira. Harusi yangu ilikuwa baada ya wiki tatu.

Nilipomwona tena mtoto, tumboni alikuwa na chale, mistari mifupi mingi upande wa bandama, imepakwa dawa nyeusi. Mama yake alikuwa amempeleka kwa mganga, kisha kwa mwingine, kisha kwa wa tatu. Nilimgombeza mdogo wangu mbele ya watu. Nikamwuliza anaishi karne gani, na kama haoni aibu, kaka yake msomi na yeye anamchanja mtoto kwa wembe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Haya kaka, nipe wewe la kufanya." Nikampa chupa ya vitamini.

Mtoto alikufa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Tulimzika kwao Misungwi, karibu na zizi, na baada ya mazishi ndipo nikapata ujasiri wa kumwambia mdogo wangu kipande cha ukweli: kwamba ulikuwa ugonjwa wa kurithi, na ili mtoto aupate ni lazima utoke kwa baba na kwa mama, wote wawili. Habari ya damu yangu niliiruka. Akaitikia kwa kichwa tu.

Haikupita muda maneno yakaanza kule ukweni kwake. Kwamba amekuja na mkosi wa kwao. Kwamba ukoo wao haujawahi kuzika mtoto mwenye tumbo la namna ile. Kikao cha familia kikaitishwa, na mdogo wangu akaja Igoma kunitafuta.

"Kaka, njoo useme sentensi moja tu," akaniambia. "Sema unatoka kwa wote wawili. Wewe ni mwanamume na umesoma, watakusikiliza. Ukishasema hivyo kaa chini."

Alikuwa anampenda mumewe. Nyumba ile alikuwa ameikandika kwa mikono yake, na kaburi la mwanawe lilikuwa pale. Nilimwahidi. Kisha nikaenda dukani nikanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi tatu.

Nilifika Misungwi Jumamosi asubuhi, nimevaa tai. Wanaume walikaa kwenye viti mbele ya nyumba, wanawake kwenye mikeka pembeni, mdogo wangu nyuma yao kabisa. Nikawaamkia wakubwa, shikamoo, marahaba, nikapewa kiti chenye mto. Baba mkwe wake alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini.

"Mkwe," akasema, "tumesikia wewe umesomea damu. Tuambie basi, damu ya dada yako ina nini?"

Hapo ndipo ilipotakiwa sentensi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikasimama na kufungua manila.

Upepo ukaichukua, ikajikunja. Shemeji yangu, mtu mwema, akainuka akanishikia upande mmoja, kwa hiyo mwenye kesi akawa amesimama mbele ya wazee wake kama mlingoti. Nikaanza na seli. Nikaeleza utando. Nikaeleza mafuta ya utando, yanavyochakaa, yanavyohitaji kuvunjwa, na kwamba kwa marehemu mtoto mafuta hayakuvunjwa, yakarundikana mpaka yakamuua. Nilikuwa nafurahia sauti yangu. Nilipogeuka kutazama wasikilizaji, shangazi wa shemeji, dada wa yule mzee, alikuwa anatokwa na machozi.

"Ni mimi," akasema. "Nilimlisha samli. Alipozaliwa nilimpa samli kwa kijiko, kama tulivyopewa sisi wote."

Nikasema hapana shangazi, mafuta haya si ya kula. Baba mdogo mmoja akauliza kama si ya kula yaliingiaje. Nikasema yamo mwilini. Akasema mtoto alikuwa mifupa mitupu, mafuta gani hayo. Wanawake wakaanza kunong'onezana juu ya samli, na ng'ombe, na nani mwingine alimpa nini. Nilikuwa nimekuja kuondoa lawama moja, sasa zilikuwa mbili.

Nikaiacha manila, nikajaribu kusema kama mtu wa kawaida. Nikawaambia kila mtu anazaliwa na wafagiaji wawili wa uwanja, mmoja kapewa na baba, mmoja kapewa na mama. Mmoja akiwa mgonjwa, aliyebaki anatosha, uwanja unakuwa safi na hakuna anayejua. Wakiwa wagonjwa wote wawili ndipo taka zinajaa. Hii waliielewa, niliona vichwa vikiitikia.

"Kwa hiyo dawa ni kuongeza wafagiaji," akasema baba mdogo.

"Hatuwezi kuongeza, baba."

"Sasa wewe umetuletea nini?"

Shangazi alikuwa amefuta machozi, na sasa alinitazama vizuri. Yule mama hakuwa mjinga hata kidogo.

"Habari hizi za wawili wawili mmezijuaje?" akauliza. "Dada yako amepimwa?"

"Hapana."

"Na huyu mwanetu aliyeshika karatasi, amepimwa?"

"Hapana, shangazi."

"Wewe mwenyewe je?"

Dunia nzima, katika pande zote mbili za ndoa ile, aliyekuwa amepimwa ni mmoja tu, na ndiye aliyeulizwa. Nikisema ndiyo, nimepimwa na nimekutwa nayo, watasema si mnaona, kumbe kweli iko kwao. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa na ni sababu nzuri. Lakini mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na habari za Misungwi zilikuwa zinafika Igoma kabla ya mtu aliyezibeba. Niliogopa kwa ajili yangu.

"Bado," nikasema. Nilikuwa nimelishika sikio.

Mzee akanigeukia. "Mkwe, tumekusikia na tunakushukuru," akasema. "Ila hakuna uliyempima. Basi naona dada yako apumzike kwanza kwenu, siku chache."

Hakuna aliyekuwa hajui maana ya siku chache. Wengine waliopewa siku hizo bado wanapumzika kwao mpaka leo. Shemeji akaiachia manila, ikajikunja yenyewe ikaanguka chini. Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu nyekundu mkononi.

Mdogo wangu akainuka kule nyuma. Akapita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Mtoto huyu alipozaliwa mlisema ana paji la babu yake. Mkampa jina lako. Tukamzika hapa. Sasa mkisema alichougua ni cha kwetu peke yetu, basi na yeye alikuwa wa kwetu peke yetu, hakuwa wa hapa. Kama ni hivyo nitakwenda, baba. Ila mniruhusu nimfukue niende naye."

Nilimwona mzee akitazama upande wa zizi, kule kaburini. Nilikuwa nimetumia karatasi nzima na rangi tatu kueleza jambo ambalo mdogo wangu alilisema akiwa amepiga magoti, na alikuwa ameishia darasa la saba.

"Mtoto yule ni wetu," mzee akasema mwishowe. "Hafukuliwi."

"Na mama yake?"

Mzee akamtazama mwanawe, shemeji yangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Shemeji akasema, "Ni wangu, baba. Na mtoto alikuwa wangu." Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya baba zake wadogo.

"Mama yake abaki na mtoto wake," mzee akasema. Kisha akawaambia wanawake wamletee mgeni maziwa. Nikapewa kibuyu kizima, nikanywa chote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Mchana mdogo wangu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu. Nilikuwa hata nimeanza kutunga jinsi nitakavyoisimulia safari hii Igoma, na katika masimulizi hayo kile kielelezo cha wafagiaji kilikuwa kimefanya kazi kubwa. Tulipofika kwenye mti wa mwisho akasimama.

"Shangazi alipokuuliza kama umepimwa ulishika sikio," akasema.

Mkono ulikuwa umeanza kupanda tena, nikauteremsha.

"Ulipimwa lini, kaka?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, bosi, ofisi, nusu, nilivyoahidi kuwaeleza. Nilimweleza hata habari za mjomba wa Kagera na daftari lake. Nikamwambia na kile kioo cha uboho, kwamba nilikiona kwa macho yangu na nikasema ini. Ilikuwa mara ya kwanza kusema jambo hili kwa Kiswahili na lilichukua dakika chache tu. Yeye alikuwa anahesabu, niliona vidole vyake.

"Kioo ulikiona kabla ya chale."

"Kabla."

"Na ulijua hakuna dawa."

"Nilijua."

Akatazama barabara. Hakunipigia kelele, na mimi nilikuwa natamani anipigie.

"Alikuwa analia sana wakimchanja," akasema. "Nilimshika mikono mimi mwenyewe. Waganga watatu. Ungeniambia ningekaa naye tu nyumbani."

Nilitaka kusema nisamehe na nadhani nilisema, sikumbuki vizuri. Alikuwa amebeba kitu chini ya kanga muda wote ule na sikukiona. Ilikuwa ile manila, ameikunja vizuri na kuifunga kwa kamba ya katani. Akaniwekea mikononi, akaniambia nimsalimie mke wangu, akarudi nyumbani kwake.